Tasi wa Makame

Kibibi alifunua nailoni ya sanduku la kukaushia samaki kwa jua, akaanza tena kuwageuza tasi mmoja mmoja. Ndio samaki wa mwisho aliowavua mumewe, Makame, kabla bahari haijamchukua.

"Watoe basi, wifi," alisema Mashavu, dada wa marehemu. "Wenzio wanangoja zamu ya sanduku. Nikutegee kitendawili? Samaki gani huyo, ukimgonga analia kama kigae?"

"Bado wabichi."

"Wabichi! Hebu nione."

Mashavu akamshika mmoja, mkia ukavunjika kama kijiti. Aliutazama kiganjani, kisha akaurudisha taratibu mahali pake.

"Kweli, wifi," alisema. "Hawa bado kabisa."

Akashika upande wa pili wa sanduku, wakaligeuza pamoja kulifuata jua.