Jibu la Herbert

"Shemeji, toa mkono kwenye hiyo seva!"

"Na wewe umeikumbatia ya nini? Barua pepe zote za ofisi zinahamia mtandaoni. Umeme ukikatika hapa Karatu, wageni wa safari—"

"Na za Herbert?"

Nikautoa mkono. Kaka yangu Herbert alifia kwenye barabara ya kreta, wakati wa masika. Anwani yake bado inajibu yenyewe: "Nipo kreta na wageni, narudi Jumatatu."

"Kumbe unamwandikia mumeo?"

"Kila Jumapili, nikitoka kanisani."

Utani wote ukaniisha. Alikuwa ameilalia seva shavu, ina moto, inanguruma.

"Basi jibu lake nalihamisha hivyohivyo."

Akainuka. Shavuni alikuwa na alama za matundu ya feni.

"Hapana, shemeji. Wewe unamuigiza mpaka mama yenu anadanganyika. Niandikie jibu jipya kama yeye: sirudi."