Chetezo Nyuma ya Kioo

"Hiki ni chetezo changu," mama alisema, akabandika kiganja kwenye kioo cha makumbusho.

Yeye, mumewe na binti yao walikuwa wametoka kupanda ngazi za mahekalu ya mababu zao, na bintiye alidhani jua limemchosha. Kisha akauona uso wa chui kwenye ule udongo, na sikio lililomeguka ambalo mama alilibandika kwa utomvu wa msonobari. Alama ya kidole gumba cha mama bado ilikuwa pale.

"Nilikuwa nikikitumia kufukizia mbegu za mahindi kabla ya kupanda. Kilipopotea, kaka yako aliapa hakukiiba, lakini baba yako akamchapa mbele ya wazee wa kijiji. Akaenda zake Kaskazini, mpaka leo kimya."

"Vyetezo vyote vinafanana, mke wangu," baba alidakia. "Twendeni, basi litatuacha."

"Usinifanye mjinga! Binti yangu, mimi sijui kusoma. Hebu nisomee hicho kibao."

Binti akainama. *Zawadi kutoka kwa mkulima Crisanto Tiul.*

Lilikuwa jina la baba yake. Alipogeuka, alimkuta baba amevua kofia, anamtazama.

"Soma kwa sauti," mama akasema, "na baba yako asikie."