Wajapani wa Assani

Lori lilikuwa limekwisha kuanza kuondoka Ujiji pale Assani alipokumbuka kwamba mwanamume humshika mkono mke wake wakati wa kupanda. Alikimbia nyuma ya lori, furushi la picha kwapani, akakuta Yuliana amekwisha kujirusha juu ya magunia ya dagaa peke yake. Ikawa Yuliana ndiye aliyemvuta yeye.

"Haya, bwana harusi," alisema Leonia, mwenye dagaa. "Umepakiwa."

"Nimezoea, dada. Mimi ni mzigo tangu ujana wangu."

Ilikuwa 1997, na vita vya ng'ambo vilikuwa vinamwaga watu ziwani kila kukicha. Kambi ya wakimbizi ilikuwa Kasulu. Katikati, pale Kidahwe, kulikuwa na kizuizi. Aliyetoka ng'ambo akashindwa kujieleza, hasa akiwa mwanamume, alishushwa hapo na kurudishwa ziwani, yaani vitani.

Assani mwenyewe hakuwa na shida. Ujiji nzima ilimjua yule mzee mchora mabango, aliyezunguka Bujumbura, Kalemie na Mpulungu, kila mji akiuachia bango lenye herufi zilizokosewa. Ila Yuliana alikuwa ameshuka kwenye mtumbwi juzi tu, bila hata karatasi. Akifungua mdomo, lafudhi yote ya Uvira, kule ng'ambo, ingetoka. Kwa hiyo Assani alikuwa amemfunga kitambaa shavuni na kutangaza jino.

Leonia alimtazama Yuliana, kisha akatazama kitenge chake. "Hiki nani kakufunga?"

"Mimi," alisema Assani.

"Inaonekana. Umefunga kama gunia."

Akamvuta Yuliana, akakilegeza kitenge ili akifunge upya. Mikono yake ikasimama kidogo. Kisha akakaza fundo, akahamia nyuma ya lori na kukaa hapo na upana wake wote, kati ya Yuliana na barabara.

Kidahwe, askari alikanyaga tairi akachungulia ndani. Aliitwa Benedict, kijana wa Moshi, na uso wake ulionyesha kwamba hakuomba kuletwa huku.

"Shikamoo, mzee. Hayo makaratasi ni nini?"

"Marahaba. Ni Wajapani, afande."

"Nani?"

Assani akalifungua furushi. Walikuwa waigizaji wa michezo ya zamani ya Kijapani: nyuso nyeupe, mistari myekundu, midomo iliyobinuka. Mjapani mmoja wa shirika la misaada kule kambini alikuwa amemwazima kitabu cha picha hizo, akamwagiza amnakilie kwa mkono, za kutundika ukutani.

"Mbona huyu ana makengeza?"

"Ndivyo anavyotakiwa, afande. Mwigizaji akifika penye hasira anayakutanisha macho hivyo, na watu wanashangilia. Mimi sikujua. Sisi wa mabango hatumchori mteja na makengeza yake, ni kumtukana. Basi nikawanyoosha wote. Mjapani akatazama, akasema, vizuri sana, sasa rudia."

Benedict akacheka. "Kumbe uliwatibu!"

"Niliwatibu nikafukuzwa. Sasa nimewarudishia ugonjwa wao."

"Na huyu mama?"

"Mke wangu. Jino linamsumbua."

"Mrefu hivi, mzee! Ulimpataje?"

"Hata mimi nashangaa, afande. Nadhani nilikuwa nimekaa, hakunipima vizuri."

Askari alicheka tena, lakini macho yake hayakumwacha Yuliana. "Mama, za safari?"

Yuliana akajishika shavu.

"Shingo," alinong'ona Assani.

Yuliana akapinda shingo polepole, akainamisha macho, akaficha mikono ndani ya kitenge.

"Ona heshima hiyo," alisema Benedict. "Kwetu wanawake wa namna hii wamekwisha. Ila mama, taja jina lako tu. Ni amri, mimi sina ubaya."

Assani akaponyokwa na furushi, Wajapani wakatawanyika juu ya magunia. Mmoja akateleza mpaka kwenye mikono ya askari: mrembo chini ya mwavuli, shingo imepinda, nywele zimepangwa kama mnara. Ile ndiyo picha pekee maishani mwake ambayo Assani hakuionea aibu.

Benedict aliitazama kwa muda mrefu. "Huyu je?"

"Chukua, afande."

"Kweli, mzee?"

"Chukua. Ukutani kwako atapata wa kumtazama."

Benedict akaikunja taratibu, akashuka kwenye tairi, akainua kamba ya kizuizi. "Mpelekeni mama kwenye dawa," alisema.

Walipokwisha kupita, Leonia alishusha pumzi. "Umemgawia mzuri kuliko wote."

"Yule ni mwanamume," alisema Assani. "Zamani zile wanawake hawakuruhusiwa jukwaani. Wanaume ndio waliojipaka poda wakawa wake za watu. Nimemchora mpaka nimejua shingo inapindwa vipi."

Leonia alicheka mpaka akashika kamba ya turubai asianguke. "Maskini afande!"

Yuliana hakucheka. Alikuwa bado amefunga taya, anatazama barabara.

Mjapani alizipokea picha zake, akauliza mrembo yuko wapi, akaambiwa ameolewa na polisi. Benedict alihamishiwa Singida mwaka huohuo. Leonia aliendelea na dagaa mpaka magoti yalipokataa. Assani alirudi Ujiji kuchora mabango ya saluni, na hakuna aliyemwambia arudie. Mke wake alibaki kambini, akafuga ndevu, na mwaka uliofuata akaoa.