Buibui Waliolishwa

Jumanne, tarehe nne Machi, asubuhi ya manyunyu. Sekela, mtafiti, alifungua boksi la vichupa vya buibui aliowakamata shambani na kuwaacha hapo jana akisubiri spiriti ya kuwahifadhi, akakuta wote wamenenepa.

"Umewalisha?" alimuuliza Bibi Nyamizi, mwenye shamba.

"Viwavi wa mahindi. Wamelala kwangu, mwanangu. Ningewanyima chakula?"

Sekela alishika kichwa. "Bibi! Maabara inapima vinasaba vilivyomo tumboni mwao, tujue shambani wanakula nini. Sasa matumbo yote yatasema viwavi, na ni wewe uliyewapa!"

"Si ndilo jibu unalolitaka?"

Majirani waliokuwa barazani waliangua kicheko. Sekela hakucheka. Ijumaa wanakijiji wangepiga dawa mashamba yote, na dawa ingeua buibui pamoja na viwavi. Majibu ya maabara tu, yakionyesha kwamba buibui wenyewe hula viwavi, ndiyo yangewazuia. Alimwomba Mungu subira, akawamwaga buibui kwenye majani mabichi, mmoja mmoja, apate vichupa vya kukamatia wengine.

Bibi Nyamizi alimtazama, akasimama.

"Majirani, nisikieni nyote. Dawa haitaingia shambani kwangu mpaka majibu ya binti huyu yarudi. Mahindi yakiliwa, yameliwa yangu."