Mkono wa Mfumaji

Sheria inataka kila filamu ivae nyuso na sauti za nchi inakoonyeshwa; kompyuta hufuta zile za asili na kuweka za wenyeji. Filamu ya matukio halisi ya wafumaji wa Surat, India, waliogoma kiwandani imeshinda tuzo katika nchi kumi na moja, na leo imefika Tanga.

Hansa amekuja kumwona mama yake, mmoja wa wafumaji wale, aliyefariki bila kuacha hata picha moja. Kwenye skrini, mwanamke mwenye uso wa Kidigo anaunga uzi uliokatika kwa mkono wa kushoto, kama mama alivyozoea.

"Shoga, yule shangazi yangu mtupu, hata ukali wake!" anasema jirani yake Mwanasiti, akifuta machozi. "Mama yako ni yupi?"

Hansa anautazama mkono ule mpaka unapotea.

"Bado hajatokea."