Mwalimu Hafokei

Chungwa la nne lilikatika ganda katikati, na fundi cherehani akalitupa kwenye bakuli pamoja na wenzake. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nguo za watu zinamngoja mezani, naye amesimama jikoni anapambana na matunda.

"Mwalimu humenya ganda likatoka moja, refu," binti yake alimkumbusha huku akining'iniza miguu kitini. "Halikatiki hata kidogo."

"Mwalimu ana muda."

"Ana watoto ishirini na wawili, Mama."

Binti alikuwa na miaka sita, na kila mtu alimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mwaka mpya wa shule ulikuwa na wiki tatu tu tangu uanze.

Shule yenyewe ilikuwa ndogo, ya binafsi, ya wazazi walioamua kuunganisha nguvu. Huyu alipaka rangi kuta, yule alichonga madawati, na fundi akashona sare za darasa la kwanza lote. Siku ya kufungua alifika na leso mkononi, tayari kumfuta mtoto machozi. Chiriku aliuachia mkono wake getini akakimbia bila kugeuka nyuma. Kwa mbali, katikati ya msongamano wa wazazi, fundi alimwona mwalimu mpya akipiga magoti kumpokea. Ile leso akaitumia mwenyewe.

Tangu siku hiyo nyumba ya watu watatu ikawa na mtu wa nne. Ukimchana Chiriku nywele, Mwalimu hutenganisha kwa vidole kwanza. Ukimsomea hadithi, Mwalimu hukaa chini, na kila mnyama humpa sauti yake. Ukipaza sauti kidogo tu, hata kama maziwa yamemwagika kwenye kitambaa cha mteja, unaambiwa kwa upole:

"Mwalimu hafokei."

Kila neno lilimchoma fundi, na kila neno alilitenda. Alikaa sakafuni akawa simba, akanguruma mpaka jirani akagonga ukuta. Mumewe alisimama mlangoni akicheka.

"Mke wangu, unamwonea wivu mwalimu wa darasa la kwanza?"

"Wivu wa nini? Mimi ndiye niliyemzaa."

"Basi mbona unanguruma?"

Angemwambia nini? Kwamba anamchukia mtu ambaye hawajawahi hata kuamkiana naye? Kwamba akishona vifungo anajikuta anajiuliza huyo mwanamke ana umri gani, ana mume, ana mtoto wake mwenyewe au ameamua kuchukua wa wenzake?

Lililomfikisha mwisho lilikuwa la siku ya Alhamisi. Alikuwa anashona kola, kazi isiyotaka mzaha, na Chiriku akamwita mara tatu.

"Subiri," alisema bila kuinua macho.

Mtoto akaegemea meza. Kisha akasema, kama anayejisemea, "Mwalimu nikimwita, huacha kazi akanitazama usoni."

Fundi aliondoa mguu kwenye cherehani. Akamtazama. Alisikiliza habari yote ya kunguru aliyeiba kifutio darasani, mwanzo hadi mwisho, na Chiriku aliisimulia huku macho yakimng'aa. Lakini ndani fundi alikuwa anachemka. Mwanamke wa kando amemfundisha kumtazama mwanawe mwenyewe!

Kesho yake, baada ya masomo, alikwenda shuleni na mfuko wa aproni za mpishi wa shule kama kisingizio. Njia nzima alikuwa anayapanga maneno. Angeanza na heshima, kisha angemwambia wazi: kazi yako ni kusoma na kuandika, umama niachie mimi.

Watoto walikuwa wametawanyika nje wakingoja kuchukuliwa, na Mwalimu alikuwa peke yake darasani, akipanga vitabu. Kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa na plasta. Fundi alifungua mdomo, lakini mwenzake alimtangulia.

"Wewe ni Mama Chiriku." Alisimama upesi, kama mwanafunzi aliyefumaniwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja tuzungumze."

"Najua. Hata mimi nilitaka kukutafuta, ila nilikosa ujasiri." Aliviweka vitabu mezani. "Nimefundisha miaka tisa, mama. Sijawahi kushindanishwa na mtu kama mwaka huu. Nikipaza sauti, naambiwa Mama hafokei. Nikisoma hadithi nimeketi kitini, naambiwa Mama hukaa chini na kunguruma. Juzi nasahihisha madaftari, akaniita, nikamwambia asubiri. Akaniambia, Mama nikimwita huacha cherehani akanitazama usoni. Nilikwenda kulia chooni, nakwambia kweli."

Maneno yote ya njiani yalimpotea fundi.

"Hayo," aliuliza polepole, "alianza kukwambia lini?"

"Siku ya kwanza, kabla hata sijamaliza kuita majina." Mwalimu aliinua kidole chenye plasta. "Na machungwa ndiyo yaliyonimaliza kabisa. Naomba unionyeshe unavyoyamenya."

Fundi alivuta kiti cha mtoto akakaa, magoti yakimfika kidevuni. Walitazamana. Mara, kupitia dirishani, kutoka upande wa jikoni, ikasikika sauti waliyoijua wote wawili, ikimweleza mpishi wa shule kwa upole mkubwa:

"Mama na Mwalimu hawachemshi viazi. Wao hukaanga."