Mke Mwenzangu, Niachie Mume

Zama hizo hakuna aliyeandika barua ya kuomba kazi. Mwajiri alikuwa na Msomaji wake, mashine iliyopekua ukurasa wako mtandaoni na kusoma kila ulichoandika na ulichoandikiwa.

Somoe, mwenye stashahada ya famasia, alikuwa anakataliwa kwa mwaka wa pili. Safari hii jibu lilikuja na sababu: "Mwombaji anagombea mume na mke mwenzake."

"Mume yupi tena?" Akapekua picha zake hadi akaikuta ile akiwa amemkumbatia babu. Chini yake bibi alikuwa ameandika: "Mke mwenzangu, niachie mume, mwizi mkubwa wee!"

"Bibi, utani wako umeniponza! Ufute," akamwambia bibi yake wakinywa chai.

"Nikifuta, watasema tunaficha kitu. Waambie mimi ni bibi yako."

Somoe akaandika hivyo. Jibu likarudi kabla chai haijapoa: "Tumepokea, ombi litaangaliwa upya. Tumesikia pia mlivyoshauriana kufuta."

Bibi aliitazama simu iliyolala kati ya vikombe. Kisha akamsogezea mjukuu wake sahani ya mihogo, akakohoa.

"Karibu chai, Bi. Somoe Likwata," akasema.